Bwana Harusi wa Ukutani kwa Pelagia

Walipomuua Zenon Szulc kwenye geti la karakana ya mabehewa, hawakuridhika na mwili wake. Baada ya mazishi, ambayo walitulazimisha tuyamalize mji ukiwa bado umelala, askari kanzu walirudi nyumbani kwa mama yake, Pelagia, wakachukua kila picha aliyokuwemo: ya komunyo ya kwanza, ya jeshini, hata ile ya mtoni ambayo kilionekana kisogo chake tu. Gazeti lilikuwa limeandika kwamba mjini Starzyce hakuna mgomaji aliyepigwa risasi. Basi mtu ambaye hakupigwa risasi awe na sura ya nini? Mimi nilifanya kazi naye mashine kwa mashine, na jambo hilo sijawasamehe, wala sijajaribu.

Niliyeomba haki ni mimi, wakanifukuza kazi. Pelagia hakuomba haki. Aliomba picha ya harusi.

Kwetu picha hiyo ipo juu ya kitanda katika kila nyumba: mume na mke bega kwa bega, mashavu mekundu, macho yakitazama mbali. Mchoraji anapewa vipicha viwili vidogo, anaviunganisha kwa brashi, na hajali kama wawili hao waliwahi kusimama pamoja. Mjane anaolewa upya na mume aliyebaki vitani. Aliyekufa na ovaroli anavishwa suti na tai. Zenon alikuwa amemposa Otylia wa kiwanda cha kitani, na harusi ilipangwa baada ya mavuno. Pelagia alitaka ifungwe, walau ukutani.

Mchoraji alikuwa Hilary Mroczek. Kabla ya vita alisomea uchoraji mjini Krakow, akachora watakatifu katika makanisa mengi ya upande wetu. Wajerumani wakachoma karibu nusu ya kazi yake. Vita vilipokwisha, wakubwa wapya wakampa nyuso za viongozi azichore kwa ajili ya Mei Mosi, turubai refu kama ukuta wa ghala. Padri naye akamwita kwa siri arekebishe malaika wa ukutani walioota ukungu. Siku zilizobaki alizunguka vijijini kwa baiskeli akiozesha watu. Alimchora fundi Walczak na nywele tele ambazo Walczak hakuwahi kuwa nazo, mpaka mkewe akamwambia amwachie yule wa ukutani na aondoke na huyu wa kitini. Mimi nilimdharau. Nilimwambia usoni kwamba brashi yake inapiga magoti kulia na kushoto. Akanijibu kwamba magoti ni yake, na yanamuuma yeye.

Alikuja jikoni kwa Pelagia, akala supu ya kabichi chachu, kisha akaomba kipicha cha bwana harusi. Alipoelezwa kwamba hakipo, hakuondoka. Aliwaita ndugu wote waliokuwepo. Akachukua taya la mjomba, paji la uso la dada, kidevu cha Pelagia mwenyewe. Lakini kila aliyeangalia karatasi alimsahihisha mwenzake, mjomba akaapa hivi na dada akaapa vile, na Pelagia, aliyeanza akiwa na uhakika, akawa anamkubalia kila mtu. Mroczek akaweka penseli chini.

"Mama Pelagia," alisema, "nikikosea kabisa utanicheka na kunifukuza. Nikikaribia, hapo ndipo pabaya. Utamtazama huyu kila asubuhi, na yule uliye naye kichwani ataondoka."

"Ameshaanza kuondoka," Pelagia akajibu. "Jana nilimkumbuka, akawa amenipa mgongo. Wewe chora."

Picha ililetwa karibu na sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa wanasugua makaburi na kununua mishumaa. Otylia alikuwa kwenye shela, na kando yake kijana mzuri, nyusi moja imeinuka kidogo kama mtu anayeuliza jambo. Otylia alimtazama, akatoka uani bila shali katika baridi ile. Pelagia akasema ndiye. Majirani nao wakasema ndiye, kwa sababu nani angesema vinginevyo? Zenon ninayemjua mimi masikio yake yalichomoza kama vishikio vya sufuria, na pua yake ilivunjwa na mnyororo wa winchi. Nilidhani ni urembo tu wa kazi ile, kama nywele za Walczak.

Mwaka uliofuata nilikuwa napakua magogo katika mji wa jirani, nikikusanya watu kwa ajili ya mgomo mwingine. Mwenzetu mmoja akafa, tukaenda kumwombea kanisani. Juu ya altare, chini ya msalaba, amesimama Mtakatifu Yohane, kazi ya Mroczek ya kabla ya vita. Nyusi moja imeinuka. Alikuwa yule bwana harusi.

Sikungoja hata jeneza litoke. Nilirudi Starzyce, nikamkuta Mroczek ghalani, juu ya ngazi, akipaka shavu la kiongozi kwa Mei Mosi. Nilimwita mwizi. Nilimwambia kwamba wale walichukua picha na yeye amechukua kilichobaki. Aliteremka polepole, akaketi kwenye debe la rangi.

"Ni mdogo wangu, Kajetan," alisema. "Alisimama mbele yangu nikamchora kuwa Yohane. Majira ya baridi ya kwanza ya vita Wajerumani walimkamata barabarani, na nyumba yetu ikaungua na kila kitu. Tangu hapo, nikitafuta uso nisioujua, anakuja yeye. Simwiti, Gracjan. Nagusisha brashi turubai, naye ameshafika."

"Acha uongo."

"Mtazame na huyu basi," akasema, akainua kidole.

Nikainua macho. Masharubu yalikuwa ya kiongozi, na medali pia. Lakini nyusi moja, kwenye kichwa kikubwa kuliko mlango, ilikuwa imeinuka. Mji mzima ungepita chini yake ukiimba.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Pelagia. Sisi hatujaachiwa kitu kingine zaidi ya ukweli, na nilikusudia kumpa wake. Alikuwa akimenya viazi, na aliendelea kumenya mpaka nilipomaliza, nikasema sasa naishusha picha ile.

"Mwanangu, unadhani sikujua?" alisema. "Zamani Zenon alinijia usingizini na uso wake. Sasa anakuja na huu. Anaketi pale, ananiita mama, na sauti ni yake kabisa. Nikimfukuza huyu, nani mwingine atakuja?"

Nikaketi mbele yake na kuanza kumrudishia mwanawe. Nilimweleza masikio, pua, mnyororo wa winchi, jinsi alivyocheka kabla ya kumaliza utani wake. Alinisikiliza kwa adabu, kama anayeelezwa habari za mtoto wa jirani.

"Na macho?" akauliza. "Macho yake yalikuwaje?"

Kabla ya kumjibu, niligeuka nikatazama ukutani.