Maziwa ya Kwanza ya Mwamvita

Mwaka wa sabini na nne mwanangu Shija alimwoa Mwamvita, binti wa Iringa mjini, akamleta kwetu Usangu kwenye ng'ombe. Nyumbani kwetu mke wa mwana hukamua mwenyewe maziwa ya kwanza ya kumpa mkwewe, amechuchumaa, kibuyu amekibana kwa magoti. Mwamvita alizoea kiti. Kila akichuchumaa visigino vinapanda, anaanguka chali kwenye samadi.

"Mama, nirudisheni tu kwetu," alisema, machozi yakimlenga.

"Halafu nani atanichekesha? Shika nguzo ya zizi, mwanangu. Panua miguu, magoti yafuate vidole. Shuka polepole. Goti likiuma, inuka."

Kila jioni alishuka kidogo zaidi, visigino vikibaki chini. Hata mchele akawa anauchambua hivyo hivyo, huku akimtania Shija kwamba yeye mwenyewe anakaa kama gunia. Asubuhi moja akaiachia nguzo, akatulia chini ya ng'ombe, akakamua.

Aliniletea kibuyu kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na funda moja.

"Mengine yako kwenye kanga yangu, mama."

Nikalinywa taratibu, lisiishe upesi.