Matanga ya Ambulensi

Duke Mogire alikuwa na mdomo, hilo hata waliomchukia walikubali. Harusi yoyote huku Nyacheki ambayo Duke hakushika maikrofoni, watu walirudi nyumbani wakisema chakula kilikuwa kizuri, basi. Lakini siku dada yake Gesare alipozikwa, mdomo huo ulikauka.

Na wa mama yake pia. Nyaboke alikuwa shemasi wa kanisa la Waadventista, na mzee wa kanisa, Zachariah, alikuwa ametangaza asubuhi na mapema kwamba pale hapatakuwa na mambo ya zamani, wanawake kukimbia boma zima mikono kichwani wakimwita marehemu kwa jina. Wenye tumaini hawalii hivyo, alisema. Kwaya ikaimba. Nyaboke akakaa kwenye kiti cha plastiki na leso yake iliyopigwa pasi, akaondoka nayo ikiwa kavu. Watu wakamsifu, ati imani hiyo! Ni Duke aliyemwona wiki baada ya wiki akichuma majani chai, akisonga ugali na kusahau kuula. Kilio kilikuwa kimemkwama mama yake kooni, na Duke angetoa chochote kimtoke.

Gesare alikuwa na miaka ishirini na minne. Mimba iliharibika, damu ikakataa kukoma. Kituo cha afya hakiko mbali na kwao, na ambulensi ilikuwapo, ilikuwapo kabisa, imekaa juu ya mawe mwaka wa pili huo, haina gurudumu hata moja, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Duke alimpakia dada yake kwenye wilbaro, akamsukuma kwenye matope kuelekea barabara ya lami kutafuta gari la kumfikisha hospitali. Walipofika juu barabarani, Gesare alikuwa ameshakata roho.

Barua ziliandikwa. Barua! Afisa wa afya alizipokea zote, akazipiga muhuri, akaendelea kunywa chai yake. Ndipo Duke akawaambia vijana wenzake, "Hawa watu wamezoea kutukanwa. Hebu tuwacheke. Tuifanyie ambulensi matanga."

Wakayafanya pale pale nje ya kituo cha afya, mkabala na soko, tena siku ya soko. Waliifunika kwa shuka jeupe, wakachapisha karatasi za ratiba zenye picha ya marehemu, taa zake mbili zikimwangalia msomaji kwa huruma. Mzee Ondieki akaja na obokano yake, lile zeze kubwa la Kigusii lenye sauti nzito, akaketi kando ya gari kama anavyoketi kwenye matanga ya watu. Duke akavaa tai, akashika maikrofoni, akasoma wasifu.

"Marehemu alizaliwa wakati wa kampeni. Alibatizwa kwa utepe mwekundu na keki. Akaugua betri, akaugua tairi, akatibiwa kwa ahadi mpaka akazidiwa. Ameacha mjane mmoja, wilbaro, na watoto kumi na wawili, wote kuku!"

Lo! Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama mmoja muuza ndizi ilibidi akae chini. Duke naye alicheka, huku viganja vyake vikikumbuka mishikio ya ile wilbaro. Alikuwa hivyo tangu utoto, kinachomuuma ndicho anachokifanyia mzaha.

Wakicheka hivyo, umati ukapasuka katikati na Nyaboke akatokea. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa anatoka shambani, kikapu cha majani chai bado kiko mgongoni. Alitazama lile shuka jeupe. Akakitupa kikapu, akaweka mikono kichwani, akaanza kukimbia kulizunguka gari, na sauti ikamtoka.

"Gesare! Gesare, omwana one! Mwanangu, inuka twende! Nilikaa kwenye kiti, mwanangu! Walinikalisha kwenye kiti na mimi nikakaa!"

Soko zima likalipuka kwa kicheko. Simu zikainuliwa juu. "Huyu mama ni moto!" "Amewashinda hata hao vijana!" Kijana mmoja wa boda boda, mgeni wa kutoka upande wa Ogembo, akapaza sauti, "Kumbe gari linaitwa Gesare!" Basi wimbo ukazaliwa hapo hapo, Gesare amka, Gesare amka, watu wakipiga makofi.

Duke alijua. Asije mtu akawadanganya kwamba hakujua. Alijua tangu ukemi wa kwanza, maana sauti ile haiigizwi. Angeweza kuizima spika. Angeweza kuitupa maikrofoni akamkumbatia mama yake, wakalia wawili, na kile alichokitamani wiki zote hizo kikatimia. Lakini afisa wa afya alikuwa ametoka nje, uso umemwiva kwa aibu, na Duke alipoona uso ule akajiambia, dakika moja tu, mama atanielewa. Akainua maikrofoni.

"Mpeni mama leso, jamani! Marehemu alikuwa mkwe wake!"

Mimi nikifika hapa huwa natamani kumzaba Duke kofi. Kicheko kilisikika hadi ng'ambo ya mto. Nyaboke alinyamaza palepale. Alimtazama mwanawe, akaokota kikapu chake, akapita katikati ya watu waliokuwa wanampigapiga mgongo kumpongeza. Nyumbani Duke alimwomba msamaha mara tatu. Nyaboke alimwambia chakula kiko kwenye sufuria.

Wiki haikuisha kabla magurudumu manne mapya hayajafika. Ndiyo, matanga yalifanya kazi! Video ilitazamwa Kisii, ikatazamwa Nairobi, na wakubwa hawakuvumilia kuchekwa. Siku hizi ambulensi inapanda na kushuka, na kila inapopita watoto wa shule huikimbilia wakiimba Gesare, Gesare. Nyaboke akiisikia huacha kuchuma, akangoja ipite.

Sabato iliyofuata matanga yale, Zachariah alisimama mbele ya kanisa. Alisema shemasi Nyaboke atapumzika na kazi yake kwa sasa. Amelifanyia maigizo jina la mtoto aliyelala. "Siku ya maziko hakutoa chozi," alisema, "lakini mbele ya simu za watu machozi yakapatikana."

Nyaboke aliinamisha kichwa. Duke akasimama. 

"Wapendwa," alisema, "mama yangu hakuigiza."

Kwenye benchi la vijana mtu akacheka kwa pua.

"Ni mimi niliyeigiza. Yeye alikuwa anamlilia dada yangu. Nilisikia, nikajua, na nikamfanyia..."  Machozi yakamwagika, akayafuta kwa tai, na huko nyuma vicheko vikaanza kuwatoroka watu, kwanza vijana, halafu kina mama waliojifunika midomo kwa vitambaa. Huyu Duke jamani, hana mahali pa kuheshimu. Kadiri alivyolia ndivyo walivyocheka. Hata Zachariah aligeuza uso akakohoa.

Nyaboke akamvuta mwanawe mkono, taratibu.

"Kaa chini, baba," alimwambia. "Unawachekesha watu kanisani."