Yowe Bila Kibali

Mtendaji wa mtaa, Octavian, alimsimamisha Restuta mbele ya mkutano na, bila hata shikamoo, akamwuliza nani alimpa kibali cha kupiga yowe jana mchana.

Swali hilo lilimkasirisha Restuta. Tangu enzi za bibi yake, yowe likipigwa kila mtu hutupa jembe akakimbilia linakotoka, hata kama hasalimiani na aliyelipiga. Mwaka jana huyu Octavian aliwaletea king'ora cha maafa, akatangaza kwamba yowe ni kuzua taharuki na mpigaji atashtakiwa. Jana mvua ikanyesha upande wa Ihumwa, kwao jua linawaka, na korongo linalopita mtaani likafurika maji mekundu. Umeme ulikuwa umekatika, king'ora kikabaki kimya juu ya nguzo kama kunguru aliyeshiba. Restuta akapiga yowe, na mtaa mzima ukatoka kubeba watoto na wazee.

"Utaratibu ni utaratibu, mama," alisema Octavian. "Ulinzi wa raia hauendeshwi kwa makelele."

"Raia ndio sisi!" Restuta alifoka. "Na wewe, jana maji yalipokufika kiunoni kule ofisini na mlango umegoma kufunguka, ulitumia utaratibu gani? Si ulipiga yowe, tukaja kuvunja mlango?"

Octavian aliinamia karatasi yake.

"Basi andika hayo mashtaka," alisema Restuta. "Ila andika majina mawili, na uanze na lako."