Burito Abadilisha Pikapu

Burito alishusha gunia la mwisho la udaga, mihogo iliyokaushwa, pale Nyasho mjini Musoma, akapokea nauli yake, akaenda nayo moja kwa moja sheli. Ikamezwa yote. Dizeli imepanda tena, na pikapu yake kuukuu ilikuwa inakunywa bila aibu.

"Hilo gari linakunywaga kuliko marehemu baba yako," mkewe Matrida alikuwa amemwambia asubuhi. "Libadilishe, baba Diana. Au tutakula vyuma?"

Basi akaenda kwa Fredi, dalali wa magari. Fredi akamwonyesha kigari cheupe cha haibridi, kinachotumia petroli na betri.

"Kaka, hiki kinanusa tu mafuta. Kwenye foleni kinatembea na betri."

"Foleni ya wapi, Musoma hii?"

"Acha utani. Unapiga teksi, jioni unarudi na hela. Nipe pikapu, tubadilishane, huongezi kitu."

Burito akafungua buti, akaipima kwa mikono. Udaga angeweza kuuacha. Kilichomzuia ni kingine. Kijijini kwao, upande wa Butiama, pikapu ilikuwa hiyo moja tu. Aliyefia mjini alirudishwa nayo akazikwe kwao, na msiba hautozwi nauli. Wafiwa waliweka mafuta, na wakikosa, aliweka mwenyewe. Gari la kijiji liliahidiwa tangu uchaguzi ule, nani anakumbuka ni upi, maana ahadi ni ileile.

Nabeba maiti za watu mpaka wanangu wanalala njaa, aliwaza kwa hasira. Kwani nimeajiriwa na kifo?

Akasaini, akamkabidhi Fredi ufunguo. Moyo ulimuuma kuliko alivyotarajia.

Hata mjini hajatoka, simu ikaita. Alikuwa Nyamburi, jirani yake, bibi wa watu, analia. Mumewe, mzee Enoka, amekata roho muda huu huu hospitalini.

"Gari la hospitali wanasema bovu. La kukodi hatuliwezi. Mwanangu, uko na pikapu hapo mjini?"

Burito akakigeuza kigari. "Nakuja, mama."

Nyamburi alikitazama kigari, kisha akatazama nyuma yake, akiitafuta pikapu. Burito akalaza viti, wakamwingiza mzee kupitia nyuma, lakini Enoka alikuwa pande la mtu na miguu ikabaki nje. Wakamtoa. Wakajaribu kumkunja, Ghati, binti yake, akapiga kelele, "Jamani, mtamvunja baba!" Mwisho wakamketisha kiti cha nyuma, katikati ya mkewe na bintiye, wakamvalisha koti na kofia yake. Burito alitamani ardhi impasukie.

Walipokaribia njia panda, trafiki akawapiga mkono. Akaikagua leseni, akaikagua bima, asione kosa. Akachungulia nyuma.

"Huyu mzee mbona hajafunga mkanda? Amelala?"

Ghati akainamisha uso. Nyamburi ndiye aliyeuvuta mkanda, akaupitisha kifuani kwa mumewe, akahangaika nao mpaka ukabana.

"Tusamehe, afande," alisema. "Magari ya namna hii hakuyazoea."

Afande akaandika faini hata hivyo. Burito akaipokea, akaondoa gari polepole. Walipokata kona ndipo Nyamburi akapiga yowe.