Majibu Yale Yale

Uvumi ulinikuta kwenye cherehani, mguu ukiwa juu ya pedeli: yule nahodha wa zamani ameonekana getini pa uwanja asubuhi, jezi mwilini, begi begani, analingoja basi la timu iliyokwisha kuvunjwa. Aliyeileta habari ni muuza vifungo.

"Pombe hiyo, mama," alisema. "Mlinzi kamwambia basi limeshaondoka. Eti akaanza kulikimbiza!"

Mafundi wenzangu wakacheka mpaka wakashika meza. Mimi nikashona mshono kombo, nikafumua, nikashona tena, ukaenda kombo. Nahodha yule hakuwa mnywaji. Tena alicheza beki ya kati bega kwa bega na mwanangu, ambaye mashabiki walimbatiza Nyundo kwa jinsi alivyoipiga mipira kwa kichwa.

Jumapili Nyundo alikuja kula kwangu na mkewe. Amestaafu, sasa anafundisha watoto mpira. Mezani alitusimulia kichekesho cha refa aliyepuliza filimbi usingizini, tukacheka. Akainuka kunawa mikono, akarudi, akatusimulia tena kile kile, akisita pale pale, akicheka pale pale. Nilimtazama mkwe wangu. Hakuinua macho kwenye sahani, nikajua kwake si jambo geni.

"Mwanangu, twende kwa daktari."

"Mama nawe! Mtu akirudia kichekesho ni mgonjwa? Basi wewe ungelazwa zamani."

"Nilazwe basi. Wewe nisindikize tu."

Akanisindikiza. Daktari alikuwa yule yule aliyeihudumia timu yao. Alimtajia maneno kadhaa, akamzungumzisha mengine, kisha akamtaka ayarudie. Akamwambia ataje miezi kutoka wa mwisho kurudi wa kwanza. Nyundo alitokwa jasho kama yuko uwanjani. Alipomaliza, daktari akatazama kompyuta, akatabasamu.

"Majibu ni yale yale ya kipimo cha siku ulipojiunga na timu. Hujashuka hata kidogo, bwana."

Moyo wangu ukatua. Nikachukua mkoba, nikasimama. Nyundo hakusimama.

"Dokta, siku ile nilikosea makusudi."

"Makusudi?"

"Wote tulikosea. Nahodha ndiye aliyetufundisha. Ukijibu vizuri mwanzoni, siku ukigongwa kichwa wakikupima tena wataona umeshuka. Utawekwa benchi, namba yako itachukuliwa. Ukianzia chini, nani atajua? Tulikuwa tukichekana, nani kajifanya mjinga kuliko wote."

Daktari akavua miwani. "Na leo?"

"Leo nimejitahidi kwa nguvu zangu zote."

Nikakaa tena, mkoba mapajani. Ni mimi niliyemburuta mpaka pale ili ukweli ujulikane, na alipousema nilitamani angenyamaza, twende zetu nyumbani na majibu mazuri. Tamaa hiyo ilipita, lakini niliiona ilivyokuwa na nguvu.

"Siwezi kukuambia ni nini," daktari alisema. "Wapo waliogongwa miaka yote na wako salama. Wapo ambao si salama. Tutakupima upya, na safari hii tuanzie kwenye ukweli."

Nyundo aliitazama mikono yake. "Na wale watoto wangu?"

"Unawafundisha nini?"

"Kupiga kichwa. Ndicho ninachokijua."

Daktari akavaa tena miwani, akaandika kadi. Tulitoka pale tukiwa na tarehe ya kurudi. Njiani mwanangu hakutania.

Kwa mama mwenye mtoto uwanjani, haya ndiyo ya kuepuka:

Usimruhusu arudi mchezoni siku ile ile aliyogongwa kichwa, hata iwe fainali.

Usimpigie makofi kwa kuinuka haraka.

Usimwachie kocha anayesema kizunguzungu ni woga.

Usicheke akikuambia jinsi walivyowadanganya wapimaji.

Usimjibie anapoulizwa na daktari. Mwache akwame, daktari aone.

Usiitikie mtu akisema afadhali kichwa kuliko goti. Goti likimuuma, atakuambia mwenyewe.