Utani wa Mama Salmini

Bibiana alikanyaga pedali, ganda la korosho likapasuka, na papo hapo tumbo likamwita. Alilibembeleza kimoyomoyo, kama mama mwenye mtoto mkorofi mbele za watu. Halikubembelezeka. Alipangusa mikono yenye mafuta, akatoka kwa hatua ndefu ambazo hakutaka zionekane kuwa mbio.

Aliporudi, wenzake wa kikundi cha kubangua korosho walikuwa wakimtazama.

Kabla ya masika aliishi na mfuko wa haja ubavuni, utumbo wake ukiwa umetolewa nje kwa upasuaji. Uliporudishwa ndani alishukuru kanisani kwa sauti. Daktari alimwambia avumilie. Hakumwambia kuvumilia kungekuwa hivi. Sasa alikuwa hali maharage, hagusi pilipili, na kiti chake lazima kiwe karibu na mlango. Aliyejua sababu ni mtu mmoja tu: Rukaiya, Myao wa Masasi, aliyemfulia nguo siku zile mbaya bila kukunja uso.

"Mwacheni Mmakonde wangu," Rukaiya alisema huku akibangua. "Utumbo wake ulikwenda matembezi, umerudi na cheo. Ukipiga filimbi, mama wa watu mbio. Usiku anafungwa nepi kama kichanga."

Wakacheka mpaka mashine zikasimama. Utani wa makabila hauna kesi. Hata msibani mtani humcheka maiti, na anayenuna ndiye mkosaji. Bibiana alitakiwa kurudisha kombora, lakini alikaa, akakanyaga pedali.

Mama Kelvin, mwenyekiti, hakucheka. "Ni kweli, Mama Dickson?" alimuuliza Bibiana.

"Nikitoka chooni nanawa kwa sabuni. Kila mara."

"Sibishi. Lakini hizi zinaliwa, na maneno yana miguu. Kaanike zenye maganda nje kwanza. Ukipona, mashine yako ipo."

"Mama Kelvin, mimi nilikuwa natania tu," Rukaiya alisema.

Bibiana alifungua kitambaa cha kichwani, akakifunga upya. "Mtani hutania kinachoonwa na wote," alisema. "Kile nilikupa wewe, Mama Salmini."

Rukaiya aliinamisha macho. Tangu wajuane, hawakuwahi kuitana ila mtani.

Nje, jua lilikuwa limeiva. Bibiana alitandaza korosho juu ya turubai, akizigeuza kwa kiganja, na kupitia dirishani akasikia mashine yake ikianza kukanyagwa na mtu mwingine. Ndipo tumbo lilipomwita tena. Safari hii alikimbia waziwazi, hakuwa na cha kuficha, akafunga mlango wa bati wa choo na kugundua hakubeba maji.

Nyayo zikaja, zikasimama.

"Maji haya hapa, mtani."

Chini ya bati aliona vidole vya Rukaiya vikisukuma kopo ndani, polepole, lisimwagike. Maji yaliyumba. Bibiana aliyatazama mpaka yakatulia, bila kunyoosha mkono, na kule nje miguu ile ilikuwa bado haijaondoka.