Masizi ya Zubaida

Mwaka wa hamsini na sita, katika uwanja mdogo wa ndege wa Tororo, Zubaida alikuwa na kazi iliyowachekesha ndugu zake wa Busia mpaka wakashika mbavu: alilipwa kuchafua vioo. Alishika kipande cha kioo juu ya koroboi, akakizungusha polepole mpaka kikapata masizi mepesi, sawasawa kila upande. Wacha wacheke. Hakuna mwingine aliyeiweza.

Vioo hivyo vilipanda na ndege mpya iliyokuwa ikijaribiwa mpaka ndani ya mawingu ya radi. Huko juu mpimaji alikitoa kimoja nje, kufumba na kufumbua, na matone ya maji, yale yanayoganda kuwa barafu yakigusa bawa, yakatoboa masizi. Chini, karani Nasifu aliyahesabu matundu kwa lenzi. Bila hesabu hiyo ndege isingepata cheti cha kubeba abiria.

Alhamisi moja ndege ilirudi injini moja imezimika. Vioo havikuwa na tundu hata moja, ila mikwaruzo tu.

"Masizi yako mbaya," mhandisi Mzungu alimwambia Zubaida mbele ya watu wote. "Kesho hapana kuja."

Uso ulimwaka. Kufukuzwa kulimuuma, lakini kuambiwa kazi yake mbaya kulimuuma zaidi. Alichukua vioo viwili alivyobakiza asubuhi ileile. Kimoja alikinyunyizia maji kwa vidole. Cha pili alikirushia chumvi ya jikoni, kwa hasira zake zote.

"Nasifu, mwanangu, angalia hii."

Nasifu aliinamia lenzi kwa muda mrefu. Kwenye kioo cha maji aliona matundu ya duara. Kwenye kile cha chumvi aliona mikwaruzo, sawa kabisa na ile ya mawinguni.

"Bwana, masizi iko sawa," akasema. "Leo huko juu hakuna maji. Barafu imeganda zamani, iko kavu, punje punje kama chumvi. Hiyo ndiyo imeingia kwa injini, na sisi hatujapima hiyo."

Mhandisi alitazama mwenyewe, mara mbili. Kisha akaichukua fomu ya cheti iliyokwisha kujazwa nusu, akaichana.

"Kesho vioo ishirini, mama," akasema kwa sauti ya chini.

Zubaida hakunyanyua macho kutoka kwenye koroboi. "Ile ya kwanza ulisema kwa nguvu, watu wote wamesikia. Hii pia sema kwa nguvu."

Mhandisi akavua kofia, akasema. Hata mafundi waliokuwa chini ya bawa walisikia.